Uyoga wa Kwenye Kichuguu na Nduguze wa Mwilini

Mvua ya Januari ikinyesha siku mbili mfululizo na ya tatu kukawa na jua, barabara ya kutoka Tabora kwenda Sikonge hugeuka gulio. Kila baada ya mwendo kidogo unakuta beseni juu ya gogo, au sinia, au ungo uliowekwa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na kando yake mama aliyejitanda khanga akisubiri gari lipunguze mwendo. Ni uyoga. Upo mdogo wa manjano ya kiini cha yai, upo wa kahawia unaotoa utomvu ukiukata, upo mweupe mpana unaojaza sahani peke yake. Asubuhi bei haishuki hata ukibembeleza. Alasiri muuzaji ndiye anayekubembeleza wewe, kwa sababu uyoga haulali.

Nilinunua ndoo ndogo ya lita tano. Baada ya salamu zetu za mwangaluka na maswali ya nimetoka wapi na nakwenda wapi, yule mama alinipa sharti moja tu kuhusu mzigo ule: nisiufunike. Niliitikia kama tunavyomwitikia mtu tunayedhani anatuchelewesha.

Safari yangu ilikuwa ya mambo mengine. Nilitaka kuiona njia ya misafara, ile iliyotoka Bagamoyo ikapita Ugogo, ikafika Kaze, yaani Tabora ya zamani, na Kwihara, kisha ikaelekea Ujiji. Wapelelezi Burton na Speke waliingia Kaze Novemba 1857. Stanley na Livingstone walifika Kwihara pamoja Februari 1872, na Livingstone, yule mzee, akabaki pale akingoja wapagazi wapya mpaka Agosti. Siku hizi tembe walilokaa Kwihara ni makumbusho, na miembe haikosekani. Chini ya mmoja nilikuta watoto wanacheza, na kichwani mwa mmoja wao palikuwa na mabaka mawili ya duara, makavu, ya kijivujivu, nywele zimekatika karibu na ngozi kama nyasi zilizopitiwa na mbuzi.

Mapunye. Hapo ndipo makala ya misafara iliponiponyoka. Ndani ya gari kulikuwa na ndoo ya uyoga, na juu ya kichwa cha mtoto alikaa ndugu wa uyoga huohuo. Ukoo mmoja, na sisi tunamla mmoja kwa ugali huku tukimficha mwingine chini ya kofia.

Wengi wetu uyoga tunauweka kwenye kapu la mboga, kwa kuwa ndipo unapoishia. Lakini uyoga si mmea. Haujipikii chakula kwa jua kama mchicha, wala haumezi chakula kama kuku. Kuvu, au fangasi kama tunavyowaita hospitalini, huishi ndani ya chakula chao. Mwili wao hasa ni nyuzi nyembamba kuliko unywele, zinazopenya kwenye udongo, gogo, mkate au ukucha. Nyuzi hizo humwaga mate yao nje, mate yanakiyeyusha kile kilicho jirani, kisha zinakifyonza. Ni kama mtu aishiye ndani ya sufuria ya ugali, ambaye tumbo lake liko nje ya ngozi. Kile tunachochuma na kukiita uyoga ni tunda tu, lililotokeza juu kutawanya mbegu zake ndogo ziitwazo spora. Mwembe wenyewe, ukipenda kusema hivyo, uko chini.

Na kwa nasaba kuvu wako karibu na sisi kuliko na mchicha. Ukuta wa seli zao umejengwa kwa kitini, kitu kilekile kilicho kwenye gamba la panzi na mende, na babu yetu wa pamoja aliishi zaidi ya miaka bilioni 1 iliyopita. Undugu huo si jambo la kujivunia tu, una gharama zake kwenye chumba cha dawa. Bakteria ni mgeni kabisa mwilini mwetu, hivyo ni rahisi kupata sumu inayomuua yeye na kutuacha sisi. Kuvu mitambo yake inafanana na yetu, na sumu nyingi zinazomdhuru hutudhuru na sisi. Mwanya mkubwa ambao wataalamu wameupata ni mafuta ya utando wa seli: sisi tunatumia kolesteroli, wao wanatumia ergosteroli. Sehemu kubwa ya dawa za fangasi tulizo nazo zinapita kwenye mlango huo mmoja mwembamba.

Turudi msituni kidogo, maana Tabora bila miombo si Tabora. Mtundu na muba, miti ambayo Wanyamwezi wamekuwa wakiibandua magome kutengeneza mizinga ya nyuki, haiishi peke yake. Mizizi yake imevishwa soksi ya nyuzi za kuvu. Kuvu huleta maji na madini kutoka kwenye udongo ule wa kichanga usio na rutuba, na mti hulipa kwa sukari. Uyoga mwingi unaouzwa barabarani ni tunda la mkataba huo. Ndiyo maana haupandiki bustanini, na ndiyo maana ukikata mtundu ili kupata kuni za kukaushia tumbaku umekata na mboga ya jirani yako. Nalisema hili nikijua kwamba tumbaku imesomesha watoto wengi wa Urambo na Kaliua. Ila kwenye mahesabu ya faida za zao lile sijawahi kuona safu ya uyoga.

Kisha uko ule wa kwenye kichuguu, na huu kwangu mimi ndiye mfalme. Mchwa wa vichuguu vikubwa hawawezi kumeng'enya mti wenyewe. Wanatafuna nyasi na vijiti, wanavijenga kuwa masega laini chini ya ardhi, na juu yake wanalima kuvu wa jamii ya Termitomyces. Kuvu anayeyusha, mchwa anakula. Mvua ikija kuvu anasukuma tunda lake kupitia ukuta wa kichuguu, na watoto wanaotoka kwenda shule wanaliona kabla ya watu wazima. Mmoja wa jamii hiyo, Termitomyces titanicus, aliyepewa jina mwaka 1980 kutokana na vielelezo vya Zambia, kofia yake huweza kufikia upana wa mita 1. Uyoga mamama tumeweza kuulima kwenye mifuko ya pumba. Huu wa mchwa umetushinda.

Wenzetu hawa walianza kilimo mapema. Mwaka 2016 watafiti walitangaza kwamba kwenye miamba ya bonde la Rukwa, kusini-magharibi mwa nchi yetu, wamepata mashamba ya mchwa yaliyogeuka mawe, masega ya kuvu yakiwa bado mahali pake, yenye umri wa miaka milioni 25. Hakuna mabaki mengine ya aina hiyo yaliyowahi kupatikana ambayo ni ya zamani hivyo. Sisi binadamu jembe tumelishika kwa miaka kama elfu 10 tu.

Swali linalonikaa kichwani ni hili: kama kuvu wako kila mahali, udongoni, hewani, kwenye gome la mwembe na kwenye godoro, kwa nini hatuozi tukiwa hai? Wanasayansi wanakadiria aina zao kuwa kati ya milioni 2 na 4, na zinazoweza kumletea binadamu ugonjwa ni mia chache. Jibu moja lililo na nguvu ni joto. Kuvu wengi hustawi kwenye ubaridi wa udongo na huanza kuhangaika wakikaribia nyuzi 37, ambazo ndizo joto la damu yetu. Chura hana ukuta huo, na kuvu wanaangamiza vyura duniani kote. Sisi tunatembea na moto wetu wenyewe ndani, na moto huo unatulinda kila dakika bila sisi kujua. Walinzi wengine, yaani chembe nyeupe za damu, humalizia waliopenya.

Kwa hiyo kuvu hutafuta pale moto unapofifia. Ngozi ya nje ni baridi kuliko damu. Kwenye ngozi, nywele na kucha kuna keratini, ambayo ni chakula kilichokufa, kisicho na damu ya kuleta walinzi. Wapo kuvu waliojifunza kula keratini na karibu hawali kingine. Wakikaa mwilini tunaita choa. Wakikaa kati ya vidole vya miguu tunaita fangasi za miguu. Wakiingia kwenye nywele za mtoto, ni mapunye. Lile duara ambalo wenzetu shuleni waliliita ramani lina maelezo mepesi: kuvu huanzia mahali pamoja, hula kwenda nje pande zote kwa kasi moja, na katikati, ambako chakula kimepungua na mwili umeanza kupigana, ngozi hupona. Uyoga mwingine msituni huota kwa duara kwa sababu hiyohiyo.

Mimi mwenyewe niliwahi kuwa na ramani. Darasa la pili, mabaka matatu. Mwalimu mmoja alininyoa mbele ya mstari na kutangaza kwamba ni matokeo ya kutooga. Nyumbani bibi alinipaka limau, kisha mafuta ya taa, kisha jirani akashauri unga wa betri kuukuu, na ngozi ikaungua kweli, ila mapunye yakabaki. Nilipona miezi mingi baadaye, na kila mmoja akadai ni dawa yake.

Leo najua kwa nini hawakuweza. Kuvu wa mapunye haishi juu ya ngozi tu. Ameshuka ndani ya shina la unywele, chini kabisa, na kitu cha kupaka hakimfikii huko. Lazima dawa imezwe, ipite kwenye damu, iingie kwenye unywele unaoota, na unywele ule ukue mpaka kipande kilichoambukizwa kikatwe. Ndiyo maana tiba huchukua wiki 6 hadi 8 na si siku tatu. Dawa ya zamani na ya bei nafuu ni griseofulvini. Iligunduliwa mwaka 1939 ndani ya kuvu mwingine, ndugu wa yule anayetupa penisilini, kwa hiyo ni kuvu anayetibu kuvu. Na inahitaji mafuta ili inyonywe vizuri tumboni. Daktari atasema mtoto aimeze pamoja na mlo wenye mafuta, na hapa Unyamwezi, ambako karibu kila mboga inaungwa kwa karanga, sioni shida iko wapi.

Kuhusu uchafu, mwalimu wangu alikosea. Mapunye huwapata zaidi watoto ambao hawajabalehe, na wakishabalehe mafuta ya ngozi ya kichwa hubadilika na wengi wa kuvu hao hawayapendi. Mtoto anayeoga mara mbili kwa siku huyapata kwa kofia ya mwenzake, kitana, mto wa kulalia, au mashine ya kunyolea. Pitia kibanda chochote cha kinyozi siku ya Jumapili kabla ya shule kufunguliwa uone watoto kumi na watano wakinyolewa kwa mashine moja. Kitambaa chenye spiriti hupitishwa juu ya meno yake mara moja, kwa haraka, lakini spora zinakaa kwenye vipande vya nywele vilivyokwama katikati ya meno. Kinyozi anayetoa brashi kwanza akazisugua nywele hizo zote ndipo atie dawa anastahili kulipwa zaidi, na mimi ningelipa.

Kuna jambo jingine linalonikera kuliko la mashine. Kwa choa cha mwilini, kisichogusa nywele, krimu ya fangasi inatosha, au hata marhamu ya Whitfield, mchanganyiko wa asidi mbili uliotokana na daktari wa London mwanzoni mwa karne iliyopita, ambao mfamasia wa hospitali anaweza kuuchanganya mwenyewe. Lakini madukani watu wanauziwa krimu za mchanganyiko zenye steroidi ndani. Steroidi hutuliza muwasho ndani ya siku moja. Wekundu unapotea, mgonjwa anashukuru, anarudi kununua nyingine. Kumbe kilichotulizwa ni mlinzi. Kuvu anaendelea kula gizani, duara linapoteza umbo, ngozi inakuwa nyembamba, na baada ya miezi mitatu hata daktari anahangaika kuutambua ugonjwa. Huko Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichofunguliwa mwaka 1992 pale hospitali ya KCMC, wamefundishwa maofisa tabibu kutoka nchi nyingi za Afrika ili wauone ugonjwa wa ngozi kwa jicho la fundi. Wakati huohuo sehemu kubwa ya ngozi zetu zinatibiwa na muuza duka.

Miguu nayo ina hadithi yake kwenye njia hii. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba frasila mbili, yaani kilo thelathini na kitu, kutoka pwani mpaka huku, mara nyingi pekupeku. Hatari yake ilikuwa mwiba. Kuna kuvu wa udongoni anayeingia na mwiba huo, akajenga uvimbe wa polepole usiouma, ukatoboka matundu yanayotoa chembe nyeusi kama baruti, na miaka ikipita ukala mpaka mfupa. Ni mguu wa Madura, uliopewa jina la mji wa India, na Shirika la Afya Duniani liliuingiza kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahaulika mwaka 2016. Aliyevaa viatu amemkwepa huyo, halafu akamkaribisha mwingine: ukikaa na gambuti tangu alfajiri hadi jioni kwenye jaruba la mpunga, kati ya vidole panakuwa na joto la wastani, giza na jasho. Kuvu hahitaji mwaliko zaidi ya huo.

Unyevu. Kila nilipogeuka Tabora nilikuta watu wanapigana nao bila kuutaja. Juu ya paa na juu ya mawe kuna michembe na matobolwa: viazi vitamu vilivyokatwa vikaanikwa, vibichi au vilivyochemshwa. Chakula hicho hukaa miezi kwa sababu kuvu, ingawa anaweza kula karibu kila kitu, hawezi kula kikavu. Upande wa Ziwa Viktoria wamekwenda mbali zaidi na kumfanya kuvu kibarua. Mihogo michungu hurundikwa na kufunikwa mpaka ukungu uote, ukungu unalainisha na kusaidia kupunguza sumu, kisha unakwanguliwa, mihogo inaanikwa na kutwangwa kuwa udaga.

Lakini si kila ukungu ni wa kuajiriwa. Mwaka 1947 Waingereza walikuja Urambo, Kongwa na Nachingwea na matrekta ya kulima karanga kwa maelfu ya ekari ili kumaliza uhaba wa mafuta kwao. Ardhi, ukame na kiburi vikawashinda, na mwaka 1951 mradi ukazikwa. Miaka tisa baadaye, mwaka 1960, huko kwao Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa bila sababu kuonekana. Walikuwa wamelishwa mashudu ya karanga kutoka Brazili, na ndani ya mashudu mlikuwa na sumu ya kuvu aitwaye Aspergillus flavus. Jina la jamii hiyo lilitolewa mwaka 1729 na padri wa Kiitalia, Micheli, aliyemtazama kuvu kwa hadubini akaona anafanana na kinyunyizio cha maji ya baraka. Waseminari wa Kipalapala, jirani na mji wa Tabora, wangemtambua mara moja. Sumu yenyewe sisi tunaiita sumukuvu.

Kuvu huyu hahitaji kukuambukiza. Anakula karanga na mahindi yako kabla yako, anaacha sumu nyuma, na wewe unakula sumu. Haina harufu, na moto wa jikoni hauiui. Ukila kidogokidogo kwa miaka inaliandaa ini kwa saratani, hasa kwa mwenye virusi vya homa ya ini ya B. Ukila nyingi kwa mara moja, macho yanakuwa manjano na tumbo linajaa maji. Kenya mwaka 2004 walihesabiwa wagonjwa 317 na vifo 125. Mwaka 2016 ilikuwa zamu yetu, Dodoma na Manyara, kwenye mahindi ya watu waliyoyalima wenyewe: wagonjwa 68, vifo 20. Sehemu ya nchi hiyo ni Ugogo uleule ambao misafara ilipita ikilipa hongo. Dawa yake ni ya kuchosha: kuvuna kwa wakati, kuanika juu ya turubai na si ardhini, na kukaa chini kuchambua. Karanga moja iliyosinyaa na kubadilika rangi inaweza kubeba sumu nyingi kuliko gunia zima la nzuri. Akina mama wanaozitenga hawazitupi sikuzote. Zile mbovu mara nyingi ndizo zinazosagwa, na hilo ndilo linalonitisha kwenye kopo la siagi ya karanga lisilo na lebo.

Nimemwacha mbaya kuliko wote mwisho, naye haonekani kwa macho. Cryptococcus neoformans huishi kwenye udongo, mapango ya miti na mavi ya njiwa. Wengi wetu tumeshamvuta puani, mapafu yakamzima, yakaisha. Anaweza kuishi kwenye nyuzi 37, na amejifunika koti la utelezi ambalo walinzi hawalishiki vizuri. Akikuta mtu ambaye VVU vimeshusha kinga yake, hupanda mpaka kwenye utando wa ubongo. Kichwa kinauma wiki nzima, wiki mbili. Mgonjwa anapimwa malaria, anapewa dawa ya malaria, anarudi nyumbani. Kwa makadirio ya mwaka 2020, homa hii ya uti wa mgongo iliua watu 112,000 duniani, wengi wao kusini mwa Sahara.

Cha kutia moyo ni kwamba alama zake huonekana kwenye damu wiki kadhaa kabla ya kichwa kuuma, na tone moja la kidoleni kwenye kipimo cha karatasi huzionyesha. Dar es Salaam na Lusaka, utafiti ulioongozwa na Sayoki Mfinanga wa NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na kuchapishwa mwaka 2015 uliwafuata karibu watu 2,000 walioanza ARV wakiwa wamechelewa. Nusu yao walipimwa kuvu huyu na kutembelewa nyumbani mara chache na wahudumu wasio madaktari. Vifo kwenye kundi hilo vilipungua kwa asilimia 28. Mwaka 2022 utafiti mwingine uliohusisha Uganda ulionyesha kwamba dozi moja kubwa ya amfoterisini iliyovishwa mafuta, pamoja na vidonge, inafanya kazi sawa na sindano za kila siku za wiki nzima. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani likatoa, kwa mara ya kwanza kabisa, orodha ya kuvu hatari kwa binadamu, 19 kwa jumla, na huyu yuko daraja la juu. Kwa mara ya kwanza, mwaka 2022! Bakteria walikuwa wameshapata orodha yao tangu 2017.

Niliondoka Tabora kwa treni ya usiku kwenda Dodoma. Kwa kuwa behewa lilikuwa limejaa na sikutaka abiria wenzangu wasikie harufu, ile ndoo niliifunika mfuniko na kuikaza. Dodoma nikaishusha, nikaiweka jikoni kwa shemeji, nikaingia kwenye shughuli zangu, na siku ya pili jioni ndipo nilipoikumbuka. Nilipofunua, mvuke ulinipiga usoni. Uyoga wa manjano ulikuwa umelegea kuwa uji, na juu ya ule mweupe mpana, niliokuwa nimeuchagua mmojammoja, kulikuwa na manyoya membamba meupe yaliyosimama, na kwenye ncha za manyoya nukta nyeusi. Shemeji aliuliza ni nini. Nikamwambia ni ukungu, umeota juu ya uyoga.